Kutoka Sisibo hadi Rasi: mwongozo kamili wa kufuatilia nasaba ya Kaburu mlowezi

Wazee wa Uasin Gishu bado wanaiita Eldoret Sisibo. Jina hilo limetokana na shamba namba 64, lililokuwa limekodishwa kwa Kaburu mmoja wa ukoo wa van Aardt. Ardhi yake haikuwa na rutuba ya kumvutia mkulima, hivyo serikali ikajenga posta hapo mwaka 1910. Miaka miwili baadaye mji ukapewa jina la Eldoret, ila Sisibo halikufutika. Makaburu wenyewe, kwa sehemu kubwa, walifungasha wakaondoka kati ya mwaka 1960 na 1964.

Waliacha mawe ya makaburi, namba za mashamba, na hapa na pale watoto ambao hawakuandikwa popote. Ndiyo maana wanaoulizia nasaba zao leo ni watu wa namna nyingi. Yupo anayeandika historia ya kijiji chake, yupo anayefuatilia hati ya shamba, na yupo ambaye nyanya yake alizaa na setla na familia ikanyamaza miaka sitini. Mwongozo huu ni wa wote hao. Unaanzia Uasin Gishu, unapita Transvaal au Dola Huru ya Orange huko Afrika Kusini, unafika Rasi ya Tumaini Jema, na ukibahatika unavuka hadi Ulaya.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia bila kuona haya: shika mama. Jina la ukoo la baba litakupoteza, kwa sababu Makaburu walirithishana majina yaleyale hadi unakuta wanaume sita wanaoitwa Jan wa ukoo mmoja, wa rika moja, katika wilaya moja. Kinachowatofautisha ni wake zao na mama zao.

Anza nyumbani kabla ya kufungua kompyuta

Nenda kwa wazee waliofanya kazi shambani kwake, au kwa watoto wao. Usianze na jina la setla, maana wengi wanamjua kwa jina la utani walilompa wao. Anza na mahali: mto gani, kilima gani, shule ipi sasa inasimama palipokuwa na nyumba yake. Kisha uliza polepole: alikuja na ng'ombe au na treni? Jirani zake walikuwa akina nani? Alisali kanisa gani? Halafu swali lenye thamani kuliko yote: "Mzee, mkewe alitoka kwa akina nani?" Ukiambiwa kwamba mama wa nyumba alikuwa dada wa setla wa shamba la pili, umepata jina lake la kuzaliwa bila kulipa senti.

Tafuta pia karatasi za wafanyakazi. Kipande, ambacho wanaume wa Kiafrika walianza kulazimishwa kukibeba mwaka 1919 na 1920, kilijazwa jina na sahihi ya mwajiri. Familia nyingine bado zinavihifadhi. Sahihi ya mwajiri hukupa herufi za kwanza za majina yake, na hizo herufi utazihitaji sana. Mtu anayeandika "J.C.G." si yule anayeandika "J.H.", hata kama wote ni Jan.

Piga picha makaburi. Piga jiwe lote, kisha kila mstari kwa karibu, asubuhi au jioni jua likiwa upande, ndipo herufi zilizochakaa huonekana. Maneno yatakuwa ya Kiholanzi au Kiafrikana: "gebore" ni kuzaliwa, "oorlede" ni kufariki, "eggenote van" ni mke wa fulani. Neno dogo "gebore" au kifupi "geb." likifuata jina la mwanamke, jina linalofuata ndilo la kwao.

Nairobi: gazeti la serikali kwanza

Gazeti rasmi la serikali lilianza mwaka 1899 na matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni, kwenye Google Books na kwenye tovuti ya Kenya Law. Watu hulidharau kwa sababu ni kavu. Lakini ndimo yalimochapishwa matangazo ya mirathi, orodha za wapiga kura Wazungu baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1920, na maombi ya ardhi. Tangazo la mirathi ni dhahabu: linataja jina kamili, mahali alipoishi, tarehe ya kifo, na mara nyingi msimamizi wa mali, ambaye huwa mjane au mwana. Tafuta jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria. Karani Mwingereza aliyeandika jina la Kaburu aliandika alichosikia: Oosthuizen likawa Osthuizen, Steyn likawa Stein, Du Plessis likaunganishwa kuwa neno moja.

Baada ya hapo fika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue. Ulizia utaratibu wa kadi ya mtafiti hapo mlangoni, kisha omba ripoti za mwaka za wilaya ya Uasin Gishu na faili za ardhi. Kumbuka kwamba hati za mwanzo zilitolewa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1902, iliyoruhusu ukodishaji wa miaka 99, na kwamba sheria ya mwaka 1915 iliongeza hadi miaka 999. Ukiona shamba limebadilishiwa masharti baada ya 1915, faili hiyo huwa na barua za mwenye shamba mwenyewe, pengine na maelezo ya alikotoka.

Tovuti ya Europeans In East Africa nayo imekusanya maelfu ya majina kutoka magazeti, orodha za anwani na makaburi. Ni ya bure. Itumie kama kidokezo, halafu utafute karatasi yenyewe.

Aliingilia mlango upi?

Hapa usikimbie, kwa kuwa jibu ndilo linalokuambia ukatafute wapi Afrika Kusini. Ndugu wa van Breda walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1903. Msafara mkubwa ulikuja mwaka 1908 ukiongozwa na Jansen van Rensburg: familia zipatazo 47 zilipanda meli Windhuk huko Lourenço Marques (sasa Maputo), zikashuka Mombasa, zikachukua treni hadi Nakuru, na kutoka hapo zikapanda mteremko kwa magari ya ng'ombe hadi Sergoit. Wengi walikuwa watu wa Transvaal. Baadhi yao walikuwa wameegemea upande wa Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902, na baada ya vita hawakutazamwa vizuri na jirani zao.

Wengine hawakupitia Mombasa kabisa. Kuanzia mwaka 1904 Makaburu walipewa ardhi na Wajerumani karibu na Arusha, upande wa Meru, na baadaye wengi wao wakavuka kuja Kenya. Kama wazee wanasema setla wako "alitoka kwa Mjerumani", tafuta pia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Dar es Salaam, ambako kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zimetunzwa.

Na ukumbuke walifika kwenye ardhi ya nani. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamekwisha kusambaratika, na Wanandi walikuwa wametoka kupigwa. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa Oktoba 1905, miaka mitatu tu kabla ya msafara. Nyaraka za setla huliita eneo hilo "tupu". Usinakili neno hilo kwenye mti wako wa ukoo bila kuweka alama ya kuuliza.

Suala la kanisa linachanganya wageni. Makaburu walikuwa na makanisa matatu ya Kiholanzi yaliyotengana, na kila moja lina rejista zake: NG Kerk lililo kubwa, Hervormde, na Gereformeerde. Usharika wa NG mjini Eldoret ulianzishwa mwaka 1909 na kuitwa Vergenoeg. Ukimkosa mtu wako katika rejista za NG, usihitimishe kwamba hakubatizwa. Uliza kama alikuwa wa mojawapo ya yale mengine mawili.

Kuvuka kwenda Afrika Kusini: taarifa ya kifo

Karatasi moja inashinda zote, nayo ni taarifa ya kifo, kwa Kiafrikana "sterfkennis". Si cheti cha kifo cha hospitali. Ni fomu iliyojazwa kwa ajili ya mirathi, na katika koloni la Rasi ilianza mwaka 1834. Itazame kwa makini, maana maswali yake yamepangwa kama vile aliyeitunga alikuwa mtafiti wa koo. Linaanza jina la marehemu. Inafuata sehemu alikozaliwa. Kisha majina ya wazazi, na mama anaandikwa kwa jina la kwao. Halafu umri kwa miaka na miezi, kazi, kama alioa na alimwoa nani, tarehe ya kifo, nyumba aliyofia, na mwishoni watoto wote, mmoja baada ya mwingine, nani ametimiza umri wa utu uzima na nani bado. Mabinti walioolewa hutajwa pamoja na waume zao.

Angalia chini kabisa, kwenye sahihi. Kama aliyejaza ni mjane au mwana mkubwa aliyekuwepo, majina ya watoto yanaaminika. Kama ni jirani au afisa wa serikali, chukua majina ya wazazi wa marehemu kwa tahadhari. Jirani wa Eldoret angejuaje jina la bibi aliyefia Waterberg huko Transvaal miaka arobaini nyuma?

Ili kuipata, tumia NAAIRS, faharasa ya mtandaoni ya hifadhi za nyaraka za Afrika Kusini. Kwanza chagua hifadhi: KAB ni ya Cape Town, TAB ni ya Transvaal, VAB ni ya Bloemfontein, NAB ni ya Natal. Andika jina la ukoo pamoja na maneno "estate late" au "boedel". Faharasa itakupa namba ya faili tu. Karatasi yenyewe haimo. Ipeleke namba hiyo kwenye tovuti ya FamilySearch, ambako picha za faili nyingi za mirathi zinasomeka bure ukijisajili. Nyingine hufunguka tu ukiwa ndani ya vituo vyao. Kama haipo huko, waandikie hifadhi husika kwa kutaja namba kamili.

Setla aliyefia Kenya anaweza asiwe na taarifa ya kifo Afrika Kusini. Usikate tamaa. Tafuta ya kaka yake, dada yake, au mkwe wake aliyebaki. Ndugu wa tumbo moja wana wazazi walewale, na hapo ndipo jina la mke ulilopewa na wazee linakuokoa.

Pengo la vita

Kati ya 1899 na 1902 nyumba zilichomwa, makanisa yakafungwa, rejista zikapotea. Lakini Waingereza waliowafungia wanawake na watoto wa Kikaburu kambini waliandika orodha. Chuo Kikuu cha Cape Town kimeziweka mtandaoni katika hazina inayotafutika kwa jina: unapata umri, shamba walilotolewa, wilaya, na waliokuwa pamoja hemani. Makaburu wapatao 26,000 walifia humo, wengi wao watoto. Ndiyo maana utakuta familia ina watoto wawili kabla ya vita, kisha pengo, kisha wengine baada ya vita wenye majina yaleyale ya waliokufa. Waafrika nao walifungiwa katika kambi zao, na maelfu walikufa, lakini kumbukumbu zao ni haba zaidi.

Majina yanavyorudi

Msomaji Mkikuyu hatahitaji maelezo mengi hapa. Mwana wa kwanza wa Kaburu aliitwa kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama, sawasawa na Gatundu au Nyeri. Tofauti iko kwa mabinti: wa kwanza aliitwa kwa nyanya wa upande wa mama, wa pili kwa nyanya wa upande wa baba. Wa tatu mara nyingi huitwa kwa baba au mama mwenyewe.

Chukua watoto wote wa kwenye taarifa ya kifo, uwapange kwa umri, na utakuwa na makisio ya majina ya babu na nyanya wote wanne. Ni makisio, nasisitiza. Mtoto wa kwanza aliyefariki akiwa mchanga huenda hayumo kwenye orodha, na mpangilio mzima utasogea hatua moja. Lakini mkiwa na akina Jan watatu wa kuchagua, na binti mkubwa wa mtu wako anaitwa Hester Magdalena, tafuta ni Jan yupi aliyeoa binti wa Hester Magdalena.

Rejista za Rasi

Ukirudi nyuma hadi miaka ya 1830, njia zote huelekea kusini. Kanisa la Cape Town lina rejista za ubatizo tangu mwaka 1665. Yakafuata Stellenbosch mwaka 1686, Drakenstein yaani Paarl 1691, Roodezand yaani Tulbagh 1743, Swartland yaani Malmesbury 1745, na Graaff-Reinet 1792. Kadiri familia ilivyosogea bara kutafuta malisho ndivyo ilivyohama usharika, kwa hiyo mfuate kondoo utampata mchungaji.

Mstari wa ubatizo ni mfupi: tarehe, jina la mtoto, baba, mama kwa jina la kwao, na mashahidi. Usiruke mashahidi. Karibu kila mara ni babu, nyanya, shangazi au mjomba. Na usichukulie tarehe ya ubatizo kuwa ya kuzaliwa. Watu wa mpakani walisafiri majuma mengi kwa gari la ng'ombe kufika kanisani, hivyo unaweza kukuta watoto watatu wa mama mmoja, wa umri tofauti, wamebatizwa siku moja. Anayewaandika kama mapacha watatu hajasoma ukurasa.

Kwa mirathi kabla ya 1834, tazama kumbukumbu za Baraza la Yatima la Rasi, zenye alama MOOC. Zile za MOOC8 ni orodha za mali: sufuria, ng'ombe, vitanda, na watumwa kwa majina na asili zao.

Utakutana pia na namba kama a1 b3 c2 d5. Huo ni mfumo wa watafiti wa koo de Villiers na Pama. Herufi ni kizazi, namba ni nafasi ya mtoto. Hivyo a1 ni babu mwanzilishi aliyeshuka Rasi, anayeitwa "stamvader", b3 ni mtoto wake wa tatu, c2 ni wa pili wa huyo wa tatu. Ni mfumo mzuri, ila kuna namba ambazo watafiti wa baadaye wamezirekebisha. Miti ya ukoo ya mtandaoni ya Geni na WikiTree huutumia. Ukiona namba bila picha ya rejista, jihesabu hujafika.

Usiyotarajia kuyakuta

Wazungu wa Rasi walikuwa wachache. Kampuni ya Mashariki ya India ya Uholanzi ilifika mwaka 1652, ikawaacha huru wakulima wa kwanza mwaka 1657, na Wahugenoti Wafaransa kama akina Joubert, Malan na du Plessis wakaja kuanzia 1688. Kutokana na uchache huo, damu moja ilienea mbali. Ugonjwa wa kurithi wa porfiria uliozagaa miongoni mwa Waafrikana, ndio hawa Makaburu, umefuatiliwa hadi kwa wanandoa waliooana Rasi mwaka 1688, Gerrit Jansz van Deventer na yatima aliyetoka Rotterdam.

Uchache huohuo unamaanisha wanawake wa Kiafrika na wa Kiasia wamo katika miti mingi. Krotoa, Mkhoikhoi aliyekuwa mkalimani wa Waholanzi, aliolewa mwaka 1664 na tabibu Mdenmark Pieter van Meerhof. Binti yao Pieternella aliolewa na Daniel Zaaijman, na uzao wao ni mkubwa mno. Angela wa Bengali, aliyeuzwa mtumwa kisha akaachwa huru, aliolewa na Basson mwaka 1669. Katika rejista tambua wanawake kama hao kwa maneno "van Bengale", "van Madagascar", "van Mosambiek" au "van de Kaap" baada ya jina. Katika miaka ya 1770 meli za Kampuni zilifika hata Unguja kununua watu. Basi huenda setla aliyedai Nyanda za Juu ni za Wazungu peke yao alikuwa na bibi wa kumi kutoka mwambao wetu. Baadhi ya miti iliyochapwa zamani iliwaruka wanawake hawa kimyakimya. Ukiona mke wa babu mwanzilishi hana jina la ukoo, chimba hapo.

Vipimo vya vinasaba

Kwa familia ambayo setla hakuandikwa kuwa baba, kipimo cha vinasaba ndicho kitakachosema. Mpime aliye mkongwe zaidi, maana urithi hupungua nusu kwa kila kizazi. Tatizo ni kwamba Makaburu waliooana ndugu kwa ndugu hufanana mno, hivyo kipimo kitakuonyesha binamu wa karibu ambaye kwa kweli ni wa mbali. Usijenge juu ya mtu mmoja; tafuta kundi la watu wanaofanana nawe na wenye babu mmoja anayejulikana. Na kabla ya kumwandikia mgeni Pretoria kwamba babu yake ni babu yenu, keti kwanza na wa nyumbani. Nyanya akisema hapana, ni hapana.

Ulaya

Huku wengi hufika na jina la mji tu. Watumishi wengi wa Kampuni walikuwa Wajerumani, na jina la ukoo lenyewe huweza kuwa mji: van Deventer ni wa Deventer, van Rensburg huelekeza Rendsburg huko Holstein. Hifadhi ya Taifa ya Uholanzi ina hazina ya mabaharia na askari wa Kampuni, hasa wa karne ya 18. Inaonyesha jina, mji wa asili, meli, na namna utumishi ulivyoisha. Linganisha tarehe ya meli kufika Rasi na mara ya kwanza jina linapoonekana huko. Kwa Uholanzi kabla ya 1811 tegemea rejista za makanisa kupitia Open Archieven. Kwa Wajerumani wa Kiprotestanti kuna Archion, ya kulipia, na kwa Wakatoliki Matricula, ya bure. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliteketeza vitabu vya parokia nyingi za Ujerumani, kwa hiyo babu aliyezaliwa kabla ya hapo mara nyingi hana wazazi wa kuandikwa. Muache hapo akiwa a1, na nafasi ya wazazi wake uiache wazi.